Nani kaleta hita Dar es Salaam?

Mwambie mtu wa Manzese kwamba humu humu mjini kuna watu wanawasha hita kazini, uone atakavyokucheka. Joto lote hili? Hata mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimekolea, mchana wa Dar unacheza kwenye nyuzi 28 na usiku unamalizwa na shuka moja. Lakini mimi nimefanya kazi ya utawala kwenye ofisi moja Mikocheni ambako hita ilituunguzia soketi, na nusura ituunguzie nyumba. Na najua hatukuwa peke yetu. Pita ofisi zenye AC kuanzia Posta mpaka Masaki utawaona: dada kajifunika khanga mabegani, kaka kavaa sweta saa saba mchana jua likiwa utosini, na ukichungulia chini ya meza moja au mbili kuna kitu chekundu kinawaka.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Ukisema hita kwetu, wengi wanawaza ule msokoto wa kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Huo nao nimeukuta ofisini, ila habari yake tuiache. Nayoisema hapa ni hita ya kupasha chumba, yenye feni ndogo nyuma na nyaya zinazogeuka nyekundu mbele. Mama yetu wa uhasibu aliitoa Njombe baada ya likizo, imefungwa kwenye mfuko wa salfeti pamoja na viazi.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kuishi, kama ofisi nyingi za upande ule. Sebule ndiyo ilikuwa ukumbi wa wafanyakazi, chumba kikubwa cha kulala kikawa cha mkurugenzi, stoo ikawa ya mafaili. Aliyepitisha nyaya za sebule ile aliwaza televisheni, redio, na pasi siku ya Jumapili. Akaweka soketi mbili. Sisi tuliingia watu kumi na kompyuta zetu, mashine ya kudurufu, birika la umeme, na baadaye hita. Soketi mbili zikazaa ekstensheni, ekstensheni ikazaa nyingine, mpaka chini ya meza pakawa kama mizizi ya mkoko.

Ilianza hivi: saa nne asubuhi, wakati wa chai, umeme unakatika. Si mtaa mzima, ni sebule tu. Kompyuta zinazima, mtu anapiga yowe kwa sababu hakuhifadhi kazi yake, na kiyoyozi, ambacho kilikuwa na laini yake peke yake, kinaendelea kutupuliza kama hakijasikia. Mlinzi akawa anajua njia ya kwenda kwenye meinswichi kuliko ya kwenda getini. Anapandisha breka, tunamshukuru, chai inaendelea. Kesho yake tena.

Tulilaumu kila kitu isipokuwa sisi wenyewe. Umeme mdogo. Nyumba ya zamani. Kuna aliyesema breka imechoka, na hilo ndilo tulilolipenda, kwa sababu lilikuwa na dawa rahisi. Nikamwita fundi wa mtaani, aliyezoea kututengenezea taa. Akafungua meinswichi, akaona breka ya ampea 20, yaani inayoruhusu umeme wa kiasi hicho tu upite, akasema, "Bosi, hii ndogo. Tuweke ya 32, hutasikia tena." Nikampa hela ya breka na ya bodaboda. Kweli, hatukusikia tena. Wiki tatu za amani, na mimi nikawa shujaa wa ofisi.

Huo ndio ujinga mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya kazini, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Breka haikuwa mbovu. Ilikuwa inatuambia ukweli, tukaifukuza kazi tukaajiri inayonyamaza.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, na mtoto wa darasa la saba anaiweza. Umeme wetu ni volti 230. Kila kifaa kimeandikwa wati zake, kwenye kibandiko nyuma au chini. Gawa wati kwa 230 unapata ampea. Hita ya mama ilikuwa ya wati 2000, karibu ampea 9. Birika wati 2200, ampea tisa na nusu. Mashine ya kudurufu ikiwa inapasha moto ilikuwa inakula kama wati 1300, ampea tano na nusu na ushee. Kompyuta zote kwa pamoja hazikufika ampea tatu. Jumla yake ni ampea 26 na kitu, kwenye laini iliyokusudiwa 20. Kumbe watu kumi na kompyuta zao walikuwa si tatizo kabisa. Tatizo lilikuwa vitu vitatu vyenye moto ndani yake. Shika hilo: chochote kinachotengeneza joto, iwe birika, pasi, maikrowevu au hita, ndicho mlaji. Feni ya mezani ni wati 50 au 60, ukiwasha 30 bado hujaifikia hita moja.

Sasa, waya uliopita ukutani kwetu ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, saizi inayotumika nyumba nyingi kwa soketi. Breka huwekwa kwa kuangalia waya utabeba kiasi gani bila kuumia, siyo kwa kuangalia watu wanataka kuchomeka nini. Na joto la waya haliongezeki pole pole kama bei ya nyanya. Ukizidisha umeme mara mbili, joto linazidi mara nne. Kutoka ampea 20 kwenda 26 inaonekana ni kidogo, lakini joto ndani ya ukuta linakaribia mara moja na robo tatu ya lile la mwanzo. Plastiki ya kawaida inayouvika waya imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Baada ya hapo inalainika, inakauka, inapasuka, na wewe uko hapo unakunywa chai.

Breka nayo haikurupuki. Ndani yake kuna kibati cha metali mbili kinachojipinda kikipata moto, kikijipinda vya kutosha kinaachia. Ndiyo maana mzigo ukizidi kidogo inaweza kuchukua dakika nyingi, hata zaidi ya saa nzima, na ndiyo maana siku nyingine ilikuwa inatuvumilia na siku nyingine inagoma. Ikitokea shoti, hapo inaachia papo hapo, kwa sumaku. Kwa hiyo breka inayoanguka kila siku muda ule ule, hasa wa chai, haina uchawi. Mzigo umezidi.

Wiki ya nne tukasikia harufu. Wengine walisema ni samaki, wakamtazama kijana aliyekuja na chakula kutoka nyumbani. Plastiki ya umeme ikiungua pole pole inaweza kunuka hivyo, kama samaki aliyelala. Nikagusa ukuta karibu na soketi, una moto. Nikazima kwenye meinswichi kwanza, halafu nikavuta plagi ya ekstensheni: ikatoka na kipande cha soketi, vimeshikana kama ubuyu. Pini moja imekuwa nyeusi. Ekstensheni yenyewe ilikuwa ile ya matundu yanayomeza plagi ya aina yoyote, ya bei ya kutupa, na plagi yake haikuwa na fyuzi. Plagi zetu za pini tatu bapa zinatakiwa kuwa na fyuzi ndani, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Hesabu mwenyewe: 13 mara 230 haifiki wati 3000. Hita na birika kwenye ekstensheni moja tayari ni 4200.

Ukienda Kariakoo kununua ekstensheni, beba sumaku ndogo. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Pini nzuri ni za shaba nyeupe na sumaku hainasi. Ikinasa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi, na huenda hata waya wake ni alumini iliyovikwa shaba. Pima uzito mkononi, fungua plagi uone fyuzi. Lakini hata ukipata nzuri, hita na birika havikai kwenye ekstensheni. Vinachomekwa ukutani, kimoja soketi moja.

Kuna kisa kingine kilichonitisha kuliko soketi kuungua, na hakikuhusu breka kabisa. Siku moja umeme wa mtaa ulikatika saa tisa alasiri. Watu wakasubiri, wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja. Nani anakumbuka kuzima kitu ambacho tayari kimezima? Umeme ukarudi saa mbili usiku. Mlinzi, akizunguka nyuma ya nyumba, akaona dirishani mwanga mwekundu chini ya meza, na kando yake boksi la risiti za miezi sita. Alinipigia simu akanong'ona kama mtu aliyeona jini. Kwa mji huu ambao umeme huenda na kurudi, hita isiyo na mtu ni hatari mara mbili. Umeme ukikatika, chomoa. Usibonyeze swichi tu, chomoa kabisa.

Kaka wa kompyuta naye alikuwa na kichekesho chake: kuna siku mtu alichomeka hita kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, eti isikatike. Kifaa kinachobeba wati mia tatu na kitu kikapewa 2000. Kilipiga kelele kikafa pale pale. Tuendelee.

Baada ya soketi kuungua, mkurugenzi alitaka kutoa waraka: hita marufuku. Nikamwomba anipe siku moja nizungumze na mama kwanza. Nilimkuta asubuhi kabla watu hawajajaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua umekuja kwa ajili ya hita."

Nikamuuliza kwa utani, mtu wa Njombe anaogopaje baridi ya Mikocheni? Akaniambia kaa kwenye kiti changu. Nikakaa. Akaniambia usinyanyuke mpaka nirudi na chai. Dakika kumi na tano tu shingo ilikuwa imekakamaa. Kiyoyozi kilikuwa juu ya kichwa chake, kimewekwa nyuzi 16, na kibao cha kuelekeza upepo kimekwama chini. "Baridi ya Njombe inakaa nje," akasema, "hii inanimwagikia utosini."

Nilikuwa nimehangaika na breka mwezi mzima wakati ugonjwa uko kwenye rimoti. Kijana aliyekaa dirishani, jua likimpiga mgongoni, alikuwa anashusha mpaka 16 akidhani chumba kitapoa haraka. Kiyoyozi cha kawaida hakiendi hivyo. Kikiwashwa kinapoza kwa nguvu ile ile uweke 16 au 24, tofauti ni kwamba ukiweka 16 hakipumziki. Chujio zake zilikuwa hazijaoshwa tangu tuhamie, ndiyo maana upande wa pili haukuwa unapata ubaridi. Kwa hiyo tulikuwa tunalipia mashine ya kupoza chumba, halafu tunalipia nyingine ya kukipasha, chumba hicho hicho. Hita ya wati 2000 ikiwaka kwa muda wa saa nane inakula uniti 16. Ukichukua uniti kwa shilingi kama 350 na kodi zake, hiyo ni zaidi ya 5,500 kwa siku, kutoka kwenye LUKU ya ofisi.

Tulifanya mambo machache. Tukaosha chujio, tukanyoosha kibao upepo upite juu kwa juu, tukaweka 25. Meza ya mama ikasogea mita mbili. Dirisha la kijana likapata pazia zito. Hita hakuna aliyeikataza, ilikosa kazi yenyewe.

Kwenye umeme nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si yule wa taa. Akarudisha breka ya 20, akanitazama kwa muda kabla ya kuuliza nani aliiondoa. Akavuta laini mpya ya jikoni, yenye waya wake na breka yake, birika likahamia huko. Akanionyesha kitufe chenye herufi T kwenye kile kinachozima umeme ukivuja, akasema nikibonyeze mara kwa mara, kisipoanguka, nimpigie. Akanionya pia kwamba hicho kinaokoa mtu asipigwe na umeme, lakini mzigo ukizidi hakina habari.

Kama ofisini kwako breka inaanguka, usianze na fundi. Anza na karatasi na kalamu, pita meza kwa meza ukisoma vibandiko, chini ya meza usisahau. Ukisikia harufu au ukuta una moto, zima meinswichi kwanza, maswali baadaye. Hakikisha angalau watu watatu wanajua iko wapi, siyo mlinzi peke yake. Moto ukiwaka usimwage maji, tumia mtungi wa kuzimia moto, wa kaboni dayoksaidi au wa unga, na namba ya Zimamoto ni 114. Na ukimkuta mtu na hita, kabla hujamgombeza, kaa kwenye kiti chake robo saa.

Mama alirudi na hita yake Njombe likizo ya mwezi wa kumi na mbili, anasema inamfaa zaidi bibi. Rimoti inakaa kwenye droo yangu, na kila siku saa nane mchana kuna mtu anakuja kuipigia magoti. Ukutani palipokuwa na ile soketi kumebaki doa la kahawia. Tumelipaka rangi mara mbili, linatokeza. Mwenye nyumba akija kwa ajili ya kodi, tunaning'iniza kalenda.