Barua kwa mwanangu: vile vidonge vya chunusi

Mwanangu,

Umeniuliza kama vile vidonge vya chunusi ulivyomeza ukiwa sekondari, vile vya antibayotiki ya kuua bakteria, vinaweza kukuletea saratani ya utumbo mpana. Swali lako limenirudisha kwa yule daktari wa ngozi.

Wewe hukumbuki, ulikuwa unajitazama kwenye kioo chake. Nilimwuliza kwa adabu zote: mtoto atainywa dawa hii mpaka lini? Akanitazama juu ya miwani, "Mama, wewe ni daktari?" Na baba yako badala ya kunitetea akacheka. Akacheka! Tukaondoka na dawa za miezi mitatu, na miezi hiyo ikazaa mingine, hadi mahafali ya dada yako ulipopiga picha uso umetakata kama sahani.

Nimesema tangu zamani, nyumba nzima inajua: antibayotiki ni dawa ya ugonjwa, si dawa ya wasiwasi. Shangazi yako akipiga chafya mbili tu anatafuta amoksilini, na mafua ni ya virusi, amoksilini haiyagusi.

Haya, nisikukwepe. Mwaka 2021 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 40,000 hivi wa saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, na watu 200,000 wasio nayo. Waliotumia antibayotiki kwa jumla ya zaidi ya miezi sita walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 17 ya kupata saratani katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mpana, ile inayopanda upande wa kulia. Kwenye puru hatari haikuongezeka. Na kuna hili lililonifurahisha kupita kiasi: dawa moja ya kuzuia maambukizi ya njia ya mkojo, isiyowasumbua bakteria wa tumboni, haikuonyesha ongezeko lolote. Ndiyo maana kinachoshukiwa ni kuvurugwa kwa wale bakteria wema wanaolinda ukuta wa utumbo. Niliposoma hapo nilitamani kumtafuta yule daktari nimsomee kwa sauti.

Lakini ngoja. Asilimia 17 ni nyongeza juu ya hatari ndogo uliyokuwa nayo. Si kwamba watu 17 katika kila 100 wataugua. Halafu mtu anayemeza antibayotiki kila mara huenda ana maradhi mengine, na pengine hayo ndiyo yenye lawama. Tena uliposhikwa na nimonia ukiwa mdogo, antibayotiki ndiyo iliyokuokoa, na siku hiyo sikumwuliza mtu mpaka lini. Kwa hiyo siwezi kusema vidonge vile vimekudhuru. Ningependa sana kusema. Baba yako anajua ningependa kiasi gani. Siwezi.

Ila miongozo ya siku hizi ya kutibu chunusi inataka vidonge hivyo visizidi miezi mitatu, minne hivi, na viende pamoja na dawa ya kupaka. Sasa hapo si ndipo swali langu lilipokuwa? Basi, nanyamaza.

Na wewe, mbona unauliza sasa? Kama unaona damu chooni, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, usijiambie wewe ni kijana. Saratani hii inawapata hata walio chini ya miaka 50, tena inazidi kuonekana kwao. Waeleze hospitalini ugonjwa wa babu yako, maana historia ya familia ina uzito wake. Vidonge vya chunusi uvitaje baadaye. Na nisiipate habari yako kwa shangazi. Kapimwe kwanza, kisha unipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako