Makovu Ambayo Pasaka Haikuyafuta

Tangu utotoni nimeizoea baraka inayofunga ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyotolewa na Kanisa Anglikana la Kenya mwaka 1989, ambamo waumini hutupa mkono kuelekea msalaba mara tatu, wakiyapeleka huko matatizo yao, shida zao na kazi zote za shetani, kisha mara ya nne huuinua mkono juu na kuyaweka matumaini yao yote kwa Kristo aliyefufuka. Tulipokuwa watoto tulishindana kuutupa kwa nguvu, hata siku moja nikamgonga kisogoni mzee aliyesimama mbele yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba mkono unaweza kukataa kuinuka.

Wangu ulikataa Jumapili ya kwanza baada ya kumzika dada yangu Lang'ata, wiki tatu kabla ya Pasaka. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na siku ya nne akafariki. Matanga yalikuwa nyumbani kwake Umoja, na kila jioni watu walijaa kuanzia sebuleni hadi kwenye ngazi, wakiomba, wakiimba na kuhesabu mchango. Mimi sikulia, kwa sababu nilichaguliwa kuwa mweka hazina, na mweka hazina akianza kulia hesabu hupotea. Wengi walinisifu kwa uvumilivu wangu na kunikumbusha kwamba Mkristo halii kama watu wasio na tumaini. Nilikubali kwa kichwa. Baadaye nililisoma lile andiko kwa Wathesalonike polepole, nikagundua kwamba Paulo hawakatazi waumini kuhuzunika; anazungumzia namna ya kuhuzunika. Naye Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua kwamba punde si punde angemwita atoke.

Ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote, kwa yeyote anayeifikia Pasaka akiwa na msiba, ni kwamba asiiruke Ijumaa Kuu. Hapa Nairobi siku hiyo imegeuka kuwa ya safari: kuanzia Alhamisi jioni vituo vya mabasi hufurika, nauli hupanda bila haya, na wanaobaki mjini huiona Ijumaa kuwa nafasi ya kulala. Kisha Jumapili tunataka furaha ije yenyewe. Mwaka ule jirani yangu Mkatoliki alinialika kuandamana nao katika Njia ya Msalaba, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kutafuta kisingizio, nikaenda. Tulitembea juani barabarani, matatu zikitupigia honi, tukisimama kituo baada ya kituo. Katika kituo cha 14, Yesu anapowekwa kaburini, nililia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua, na hakuna hata mmoja aliyeninyamazisha. Kumbe palikuwapo mahali pa kulilia, nami nilikuwa nimepatafuta kwenye viti vya matanga.

Usiku wa Jumamosi nilirudi kwa ajili ya mkesha wao. Taa zilizimwa, moto mpya ukawashwa nje ya kanisa, na kabla ya mshumaa wa Pasaka kuingizwa ndani, padri alichomeka humo chembe tano za ubani kwa umbo la msalaba, ishara ya majeraha matano ya Kristo. Nilikuwa nimedhani kwamba huo ni usiku wa kuyasahau majeraha, na badala yake nikaona yakitiwa ndani ya mshumaa wenyewe unaotangaza ufufuo. Tangu hapo nimeisoma sura ya 20 ya Injili ya Yohana kwa jicho jingine. Aliyefufuka hakumjia Tomaso akiwa na mwili usio na alama. Alimnyoshea mikono iliyotobolewa na kumwonyesha ubavu. Na katika sura ya tano ya Ufunuo, Mwana-Kondoo anayeabudiwa na mbingu yote amesimama, yu hai, lakini bado anaonekana kama aliyechinjwa. Anayeabudu mbele zake hahitaji kuficha kidonda chake kwanza.

Ukishindwa kuimba, nenda kanisani hivyo hivyo na usimame kati ya wanaoimba. Wiki kadhaa baada ya Pasaka mkono wangu ulikuwa bado chini, na mama mmoja mzee anayeketi karibu nami, ambaye hakuwahi kuniuliza lolote, alininong'oneza baraka ilipofika, "Leo nitainua miwili, mmoja ni wako." Akainua yote miwili, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko.

Nanyi mnaoongoza sifa, niruhusuni niseme neno moja: si lazima kila ibada ianze kwa kuamriwa kupiga makofi. Zaburi ya 88 inaisha gizani, na bado imo katika Biblia.

Jambo la mwisho ni kuhusu tumaini siku ambazo moyo hausikii chochote. Nilikuwa nikisoma sura ya 15 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho ndani ya matatu, nikienda kazini, na kilichonisaidia ni kwamba Paulo haanzi kwa kueleza anavyojisikia. Anataja mashahidi: Kefa, wale Kumi na Wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, ambao wengi wao walikuwa hai alipoandika, kisha Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe. Anakiri wazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Ushuhuda wao haukupungua asubuhi niliyoamka bila hamu ya kuomba.

Jumatatu ya Pasaka iliyofuata nilimpeleka mpwa wangu Lang'ata kwenye kaburi la mama yake. Alikuwa na miaka minane. Aling'oa magugu kwa muda, kisha akaniuliza iwapo mama akifufuka atakuwa bado na ile alama ya kushonwa tumboni. Nikamwambia kwamba Yesu alibaki na zake, na kwamba rafiki zake walifurahi walipoziona. Akafikiri kidogo. "Basi nitamjua," akasema, akaendelea kung'oa magugu.