Jibu: Hobbes na Locke wanaachana wapi?
Salaam mkuu. Umekwama hapa: Hobbes na Locke, wanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, wote wanaanza na watu wasio na serikali, wote wanafika kwenye mkataba wa kuunda serikali, mbona Hobbes anaishia kwa mtawala mwenye mamlaka yote na Locke anaruhusu raia kumng'oa? Angalia kwanza kila mmoja anasema kinakosekana nini. Kwa Hobbes, aliyeandika 1651 Uingereza ikitoka vitani, ni usalama wenyewe: hata mwenye nguvu hulala, na aliye dhaifu anaweza kumuua. Ndiyo maana anampa mtawala mamlaka yote. Kwa Locke haki zipo tayari. Anayekosekana ni hakimu asiye na upande. Aliyeiba ng'ombe wako ukimhukumu mwenyewe, utapitiliza. Ndiyo maana watu wanaipa serikali kazi ya kuamua na kulinda haki hizo. Basi ikianza kupora mali za watu, imejivua kazi iliyopewa, na raia wanaweza kuing'oa. Kwenye insha usiandike kwamba Locke anawaona watu malaika. Wanafunzi wengi huteleza hapo.