Barua kwa mwanangu: hiyo mashini ya dola 230 usiichukue kwanza

Mwanangu, jambo.

Meseji yako nimeiona jana usiku, ile unauliza kama uchukue ile laptop mpya ya dola 230 waliyokuonyesha huko Kolwezi, Celeron, RAM 4 na "memory 64", ama ungoje okazio, zile zilizokwisha kutumika, za hapa Lubumbashi, maana uko na dola 250 tu na L1, mwaka wako wa kwanza wa ekonomi chuoni, inakaribia kuanza. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kwa simu unakataga kabla sijamaliza. Jibu langu ni usiichukue, hata kama iko ndani ya karton na plastiki bado iko juu ya ekra.

Hiyo 64 wanayokusifia kwa mashini za bei ile mara nyingi ni eMMC, aina ya kihifadhi cha bei ndogo, imechomelewa ndani moja kwa moja, huwezi kuitoa uweke ingine kubwa. Sasa Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inaomba GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, na RAM 4 vilevile njo cha chini, yaani hujaweka hata fishie (faili) moja na mashini tayari inahema. Ikija apdeti kubwa inakosa pa kuingia. Hapa ku duka langu la kopi naona hayo kila msimu wa TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, wanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa wanakuja kuprinti, mtu anafungua laptop mpya inang'aa, anabonyeza fishie yake ya kurasa themanini yenye tablo na picha, ile duara inaanza kuzunguka, mimi natumikia wateja wawili watatu, narudi, duara bado inazunguka na yeye anaangalia chini kwa haya. Nyuma yake kuna kijana na ThinkPad nyeusi, herufi zimefutika ku klavye, sticker ya kompani ya Ujerumani bado iko ku mfuniko, na fishie inafunguka hapo hapo.

Hiyo ya pili njo nataka utafute. Makompani ya Ulaya na Marekani yanabadilisha mashini za wafanyakazi wao baada ya miaka michache, zile za zamani zinauzwa kwa wingi, na nyingine zinafika mpaka huku kwetu. Zilitengenezwa kwa mtu wa kuandika siku nzima, si za kuvutia macho dukani. Uliza ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 ama HP EliteBook 840 G5, zote ni za karibu 2018. Mimi napenda T480 zaidi, iko na betri mbili, moja ndani na ingine unaitoa kwa mkono, RAM inaongezwa, na chaja yake ni USB-C, na wewe unajua vile umeme unakatikaga. Uombe RAM 8 na SSD, kihifadhi cha kasi, ya GB 256. Chromebook wakikuonyesha, pita tu, haitumii Windows.

Muuzaji atakupigia kelele na i7, jina la prosesa ya Intel. Usimsikilize, angalia namba inayofuata kale kamstari. i7-3520M ni ya jenerasio (kizazi) ya tatu, ya 2012, iko na kor mbili tu, yaani viini viwili vya kufanya kazi, na i5-8250U ni ya nane, iko na kor nne, basi i5 inaishinda i7 vizuri kabisa. Usishuke chini ya nane hata wakipunguza bei namna gani, kwa sababu Windows 10 Microsoft waliifunga tarehe 14 Oktoba 2025, marekebisho ya usalama ya kawaida hayaji tena, na Windows 11 kwa upande wa Intel wanaikubali rasmi kuanzia jenerasio ya nane. Na kuona Windows 11 inawaka haitoshi, wako mafundi wanaiingiza kwa nguvu ku mashini ya zamani, wewe soma namba ya prosesa tu.

Halafu usilipe kabla hujaigusa. Chomoa chaja, weka video icheze, endelea kubishana bei nusu saa nzima, betri mbovu itajisema yenyewe. Ukitaka kuhakikisha, fungua ile dirisha nyeusi ya cmd, andika powercfg /batteryreport, itatoa ripoti, linganisha DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, kama ya pili imeshuka chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu bei ya betri na uikate pale pale. Izime, iwashe ukibonyeza F1 kama ni ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, ikiomba paswedi na muuzaji hana, rudisha mashini kwa adabu. Kisha umuombe aifute yote ianze upya, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako, mbele ya macho yako. Ikiamka inadai imeli ya kompani fulani, bado iko ku orodha ya mashini za hiyo kompani, hiyo ni shida ya kununua. Hapa wauzaji wengi wanakasirika wakiombwa hivi. Waache wakasirike, wewe njo unalipa.

Klavye pia uiangalie, utaandika kifaransa kila siku, AZERTY itakusaidia, QWERTY utazoea, lakini zile za Ujerumani zimegeuza Z na Y na zitakuchosha. Andika kila herufi moja moja. Ingiza fleshi ku kila tundu. Fungua na ufunge mfuniko mara nyingi usikie bawaba.

Office ya kuiba usiweke, ile njo inaleta virusi tunavyopambana navyo hapa kila siku kupitia fleshi za watu. Weka LibreOffice, ni ya bure na inafungua Word na Excel, ila ukienda kuprinti peleka PDF, la sivyo tablo zinahama na utalaumu mwenye kopi bure. Na kazi zako zibaki pia ku Google Drive, wanakupa GB 15 bila kulipa.

Ikipita 250 kidogo nitaongezea, lakini dada yako asijue. Ungekuwa unasoma arshitekti ningekuandikia barua ingine na tungetafuta pesa ingine, ekonomi haiombi makubwa.

Kwa hiyo huyo wa Kolwezi mwambie unafikiri. Jumamosi panda bus uje, tutazunguka pamoja mjini asubuhi kabla jua halijakuwa kali, na ukiona mashini yoyote kabla ya hapo nitumie picha ya ile sticker ya chini yenye modeli, si picha ya ekra.

Mama yako