Keenja hakuwahi kuwa meya wa Dar es Salaam

Wapo wanaouliza kama Charles Keenja alichaguliwa kuwa meya wa Dar es Salaam. Hapana, hakupigiwa kura ya umeya. Aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Jiji, chombo kilichoundwa mwaka 1996, Frederick Sumaye akiwa Waziri Mkuu, baada ya serikali kulivunja baraza la madiwani lililokuwa limeshindwa hata kuzoa taka. Ndiyo maana hakuna orodha ya mameya itakayokuonyesha jina lake kwa miaka hiyo, ingawa mamlaka aliyokuwa nayo, kwa maoni yangu, yalizidi ya meya yeyote, kwani hakuwa na madiwani wa kumhoji.

Chini yake ukusanyaji wa mapato uliimarishwa, kazi ya kuzoa taka ikapanuliwa kwa wakandarasi binafsi, na vibanda vya kando ya barabara vikabomolewa, jambo ambalo wachuuzi hawakulifurahia hata kidogo. Tume ilimaliza kazi mwaka 2000, zilipoanzishwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Kura alizopigiwa ni za ubunge wa Ubungo, mwaka huohuo wa 2000, kisha Rais Mkapa akamteua kuwa Waziri wa Kilimo na Chakula.