Taa zinawaka, lakini shawa na jiko zimezima

SWALI: Habari fundi, naishi Umoja, tangu juzi taa ziko sawa na TV pia lakini shawa ya maji moto na jiko la stima hazishiki kabisa. Tokeni ziko. Shida ni nini? – Mama wa watoto wawili

JIBU: Mzuri mama. Kama taa zinawaka stima inaingia, tokeni usihangaike nazo. Vitu vikubwa huwa na laini zao kwa boksi ya breka, so angalia kama kuna imeanguka, ishushe kabisa halafu uirudishe mara moja tu, ikianguka tena iwache hapo hapo, kuna shoti.

Zikiwa zote juu, hizo mbili kufa pamoja inanifanya nishuku zimeungwa laini moja na hiyo joint imeungua. Tazama swichi kubwa ya shawa: plastiki imegeuka rangi ya chai? Inanuka kuungua? Shawa ya wati 5,000 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 21, ongeza jiko hapo juu, skrubu ikilegea kidogo tu waya inaungua polepole mpaka inakatika. Nimefungua nyingi nikapata waya ya soketi, milimita 2.5, mahali pa 6.

Usifungue mwenyewe tafadhali. Zima meinswichi, ita fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi), mwambie kila moja apate laini na breka yake, na watoto wasiguse hiyo shawa hata kama itarudi yenyewe kesho asubuhi.