Ukialikwa kwenye utafiti wa kimataifa, ingia mapema

Wenzangu wa ustawi wa jamii, mialiko ya kushirikiana na vyuo vya nje ikija, msiikatae. Mradi wa PROSOWO ulioanza mwaka 2011 uliwaweka pamoja walimu wa Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam na wenzao wa Makerere, Nairobi, Rwanda na Austria, wakaitafiti kazi yetu katika nchi zetu wenyewe. Ushauri wangu ni huu: kaa mezani andiko la mradi linapoandikwa. Usingoje kuitwa wakati wa kukusanya takwimu.

Nimefanya kazi Kagera na madodoso yaliyoandaliwa Ulaya. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikogunduliwa mwaka 1983, na bibi wengi wamelea wajukuu tangu hapo. Dodoso lilitaka jina la mlezi wa mtoto, nafasi moja tu. Bibi mmoja akanieleza: mtoto analala kwangu, mchana anakula kwa shangazi yake, sare na madaftari ananunua mjomba aliyeko Mwanza. Ukimwandika bibi peke yake, ripoti itaonyesha mtoto ameachiwa kikongwe asiye na uwezo, na msomaji aliye mbali atapendekeza mtoto apelekwe kituo cha kulelea watoto. Ukoo mzima unaomlea haumo. Swali kama hilo mnalirekebisha mara moja likiwa bado rasimu. Likishapita kwenye kamati ya maadili, mnarudi kuomba idhini upya, na kwa kawaida hakuna mwenye subira hiyo.

Fomu za ridhaa nazo zinahitaji jicho la mwenyeji. Wajane wengi wanaogopa kuweka saini au dole gumba, maana wapo waliopoteza ardhi kwa karatasi wasizozielewa. Bibi yule aliigeuza fomu huku na huku, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii si ya kibanja?" Alikuwa anawaza shamba lake la migomba. Mtafiti mgeni alidhani amekataa kuhojiwa. Ombeni mapema kamati iruhusu ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi ambaye mhojiwa anamwamini. Mshirika akisita, mkumbushe kwamba fasili ya kimataifa ya kazi yetu, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inayataja maarifa ya wenyeji miongoni mwa misingi ya taaluma.

Kuhusu vibali sina mengi. Mgeni anahitaji kibali cha tume ya sayansi ya nchi husika, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, kisha barua ishuke mkoani, halmashauri, kata hadi kijiji. Usimpitishe njia ya mkato kwa sababu mtendaji ni rafiki yako. Yeye atapanda ndege, wewe utabaki hapo.

Makubaliano yaseme pia takwimu zitatunzwa wapi na nani ataandikwa mwandishi wa makala. Aliyehoji, akatafsiri na kuchambua ni mwandishi, haitoshi kumtaja kwenye shukrani.

Na wekeni fungu la mrejesho kwenye bajeti: nauli, siku ya mkutano wa kijiji, muhtasari mfupi wa Kiswahili. Waliotueleza habari za wafu wao wana haki ya kusikia tulichoandika. Fungu hilo liombwe mwanzoni, kwa sababu mradi ukishafungwa hapatikani wa kulipia hata mafuta ya gari.